Misheni ni ya nani? Ndani ya jumuiya za wamisionari Wakatoliki

Mgeni anayefika Peramiho, mwendo usio mrefu kutoka Songea mjini, hukuta kanisa kubwa la abasia (monasteri kubwa ya wamonaki), hospitali, karakana, kiwanda cha uchapaji, mashamba na seminari kuu, vyote vimekaribiana kiasi cha kudhani vina mwenye mmoja. Akiuliza mkubwa wa hapo ni nani, ataambiwa ni Abate, mkuu wa wamonaki hao. Akiuliza Askofu Mkuu yuko wapi, ataelekezwa Songea. Akidhani Abate ni msaidizi wa Askofu Mkuu, amekosea. Akidhani Askofu Mkuu hana neno Peramiho, amekosea vilevile.

Mkanganyiko huu hauko Peramiho peke yake. Waumini hushangaa paroko wanayempenda anapoondolewa katikati ya ujenzi wa kanisa. Wengine hushangaa kumwona sista muuguzi, mwajiriwa mwenye mshahara kamili, akiomba nauli kwa mkubwa wake wa nyumba. Wapo wanaouliza kwa nini shirika lililojenga zahanati kuanzia msingi hadi bati linafungasha na kuondoka, na wapo wanaoapa kwamba limefukuzwa. Maswali haya yote yana mzizi mmoja: mmisionari Mkatoliki ana wakubwa wawili, kila mmoja na eneo lake. Kazi anayowafanyia watu iko chini ya askofu wa jimbo. Maisha yake ya ndani, yaani sala, makazi, fedha, masomo, likizo na uhamisho, yako chini ya shirika lake. Asiyeliona hilo ataielewa visivyo karibu kila habari inayotoka misheni.

Tuanze na watu wenyewe. Padre wa jimbo ameahidi utii kwa askofu wake, na hana nadhiri ya ufukara. Anaweza kumiliki shamba au gari lake mwenyewe, na kwa kawaida atatumika maisha yake yote katika jimbo hilohilo. Mtawa ameweka nadhiri tatu, ufukara, useja na utii, na utii wake wa kila siku anautoa kwa mkuu wa shirika. Watawa wengine wa kiume ni mapadre, wengine ni mabruda. Hapa nasisitiza jambo moja kwa sababu bado linasemwa vibaya vijijini kwetu: bruda si padre aliyefeli masomo. Ni mtawa kamili aliyechagua wito usio na upadre. Ukiondoa kazi ya mabruda, maseremala, waashi, mafundi chuma, wapiga chapa na wakulima, sehemu kubwa ya kile tunachokiita misheni kusini mwa Tanzania isingekuwepo.

Halafu mashirika yenyewe hayafanani. Wabenediktini ni wamonaki, na nadhiri yao mojawapo ni kudumu katika nyumba moja. Ndiyo maana unaweza kumkuta mzee Peramiho, au Ndanda iliyo abasia nyingine ya Kusini, aliyefika kijana na hakuhama tena hadi kaburini. Waspiritani, Wakonsolata na Wakapuchini ni watawa wasiofungwa na nyumba. Shirika huwatuma linapoona haja. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, kisheria si watawa kabisa. Ni shirika la kazi za kitume: hawaweki nadhiri, bali hula kiapo cha kudumu kwa ajili ya umisionari na kuishi pamoja. Mwanzilishi wao, Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliwaanzisha mwaka 1868 na akawawekea sharti ambalo hakutaka mjadala juu yake: wasiishi kamwe chini ya watatu katika nyumba moja. Mmoja akiugua, wawili wabaki. Wawili wakigombana, awepo wa kuwapatanisha. Kwa sharti hilo vituo vichache vilivyo na watu vilikuwa bora kuliko vituo vingi vyenye mtu mmojammoja.

Ramani iliyogawanywa Roma

Kwa nini Kusini kulikuwa kwa Wabenediktini, Tabora na Bukoba kwa Mapadre Weupe, Kilimanjaro na Morogoro kwa Waspiritani? Tangu mwaka 1622 Roma ilikuwa na idara ya uenezaji wa imani, Propaganda Fide, na idara hiyo ilizoea kukabidhi eneo zima kwa shirika moja. Shirika lilileta watu, likatafuta fedha, likajenga, na hata askofu wa eneo alitoka humohumo.

Waspiritani ndio waliotangulia pwani. Waliipokea kazi ya Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1860 na Padre Armand Fava aliyetoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner wakafungua Bagamoyo. Huko walijenga kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Waliokombolewa walipewa makazi, shamba, ufundi na nafasi ya kuoa na kuolewa. Lakini waliishi kwa kengele: ya sala, ya kazi, ya kulala. Walikuwa wameponea mnada, ila siku yao haikuwa mikononi mwao. Naona haki kuyasema yote mawili, kwa sababu wanaoandika habari za Bagamoyo mara nyingi huchagua moja. Makaburi ya pale nayo yana habari yake: wengi wa wamisionari waliozikwa humo walikufa wakiwa bado vijana, homa ikiwamaliza hata kabla hawajaijua lugha vizuri.

Kupitia Bagamoyo hiyohiyo mwaka 1878 ulipita msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe kuelekea maziwa makuu, na Februari 1879 baadhi yao walikuwa wamefika Uganda. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia kutoka Ujerumani walikuja baadaye kidogo, wakaanzia Pugu mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo hicho kilishambuliwa, mabruda na sista wakauawa, wengine wakatekwa. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss, aliyekuja kuwa askofu. Tarehe 14 Agosti 1905 yeye, mabruda wawili na masista wawili waliuawa njiani karibu na Liwale, vita vya Maji Maji vilipokuwa vimeanza, na Peramiho ikachomwa moto. Mpiganaji wa wakati ule angewezaje kumtenganisha padre wa Kijerumani na serikali ya Kijerumani, wakati wote walikuwa wamefika chini ya bendera moja? Damu hiyo Kanisa linaikumbuka kwa heshima, na ni vema ikumbukwe pamoja na damu na njaa ya watu wa Kusini waliokufa kwa maelfu mengi katika vita hivyo.

Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikavuruga ramani. Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Wakonsolata kutoka Italia, ambao walikuwa Kenya tangu mwaka 1902, wakaingia Iringa mwaka 1919, na Wakapuchini wa Uswisi wakachukua Dar es Salaam mwaka 1921. Kule Songea Wabenediktini walisalimika kwa sababu shirika lao lilikuwa na Waswisi, akiwemo Gallus Steiger, ambao hati zao za kusafiria hazikuwaudhi Waingereza. Mwaka 1931 Peramiho na Ndanda zikawa abasia zenye eneo lao, maana yake abate ndiye aliyekuwa na mamlaka ya askofu juu ya parokia zote zilizoizunguka. Kwa hiyo kulikuwa na miaka ambayo swali la misheni ni ya nani lilikuwa na jibu jepesi: ni ya abasia, watu na vitu.

Mwaka 1969 jibu hilo lilikoma. Songea ikawa jimbo la kawaida chini ya Askofu James Komba, na abasia ikabaki abasia. Ndanda ikafuata mwaka 1972, jimbo likiwa la Mtwara na Askofu Maurus Libaba. Mwaka huohuo wa 1969 Roma ilifuta ule utaratibu wa kukabidhi eneo kwa shirika mahali penye jimbo kamili. Tangu hapo shirika si mwenye eneo tena. Ni mgeni aliyealikwa, anayefanya kazi kwa mapatano na askofu mwenyeji.

Ndani ya nyumba

Watu wengi humwona mmisionari akiwa kazini: altareni, wodini, darasani. Kilicho nyuma ya mlango hawakioni, na huko ndiko shirika linakoishi.

Katika abasia siku huanza kabla ya jua kwa masifu, ikifuatwa na misa, kifungua kinywa na kazi. Kengele ya mchana huwarudisha kanisani, jioni tena, na usiku sala ya kumalizia siku ambayo baada yake kimya hutawala. Mlo huliwa huku mmoja akisoma kitabu kwa sauti. Yote hayo yanatoka katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, na ukiisoma ndipo unaelewa Peramiho ilivyopangwa. Sura ya 66 inataka monasteri iwe na maji, kinu, bustani na karakana ndani ya eneo lake, ili wamonaki wasilazimike kuzurura nje. Sura ya 57 inasema bidhaa za mafundi ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya walei, yaani watu wasio watawa wala mapadre. Mtu akishangaa kuona seremala, fundi bomba na kiwanda cha uchapaji katikati ya Ungoni, mpango wake ulishaandikwa Italia zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Sura ya 33 inakataza mmonaki kuwa na chochote kiwe chake, hata kalamu. Na sura ya 3, ambayo mimi huipenda kuliko zote, inamwagiza abate aite jumuiya nzima penye jambo zito, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora.

Nyumba ya Mapadre Weupe au ya Wakonsolata ina sura nyingine. Ni watu watatu au wanne, pengine Mkongo, Mpolandi, Mhindi na Mkenya, ndani ya nyumba moja ya parokia. Ratiba haina kengele nyingi: sala ya asubuhi pamoja, misa, kisha kila mmoja na vigango vyake, yaani makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia. Ugumu wao uko mezani na kwenye daftari la matumizi. Nani anapika vipi, nani katumia gari, nani hajarudi na stakabadhi za dizeli, nani amezoea kuamua peke yake kwa kuwa alikaa hapo miaka mingi. Shirika linapowachanganya watu wa mataifa kwa makusudi linajua linachokifanya. Mapadre wanaohubiri upendano wa makabila huku wenyewe hawawezi kula meza moja watakuwa wanapoteza muda wa watu.

Pia jumuiya ya misheni haikuwahi kuwa ya waseja peke yao. Pale Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, alikaa Adrien Atiman, mtu aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe na kupelekwa Malta kusomea udaktari. Alifika Karema kabla ya mwaka 1890, akaoa huko, na akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padre wala bruda. Alikuwa katekista, yaani mwalimu wa dini, na daktari. Mpaka leo vigango vingi vya Tanzania huendeshwa na makatekista walei, wenye familia na posho ndogo mno, huku padre akifika mara moja kwa wiki kadhaa. Kama kuna kundi ambalo Kanisa letu linalidai kazi kubwa na kulilipa kidogo, ni hawa, na sioni sababu ya kulifunika hilo kwa maneno matamu.

Mshahara unaishia wapi

Nadhiri ya ufukara ina utaratibu wa kisheria. Kwa Sheria za Kanisa za mwaka 1983, novisi, yaani anayelelewa kuwa mtawa, kabla ya nadhiri za kwanza humkabidhi mtu mwingine usimamizi wa mali yake, na kabla ya nadhiri za daima huandika wosia unaotambulika hata na sheria za nchi. Baada ya hapo chochote anachokipata kwa kazi yake, na kwa kawaida hata pensheni yake, ni cha shirika. Ndiyo maana sista muuguzi anaomba nauli. Mshahara wake umeingia kwenye mfuko mmoja na wa mwenzake anayefundisha chekechea bila malipo yoyote, na kutoka mfuko huo analipiwa novisi chakula, na sista mzee dawa za presha.

Fedha nyingine zilitoka kwa wafadhili wa Ulaya na Marekani, kwenye sadaka za watu wanaoomba misa kwa nia zao, na kwenye mashirika ya misaada kama Misereor ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1958. Chanzo hicho kinapungua. Makanisa ya Ulaya yamepungukiwa watu, na wamonaki wa Kijerumani waliokuwa wakiandika barua kwa parokia zao za nyumbani wamezeeka au wamekufa. Abasia za Kusini zilianza kupokea vijana wa hapahapa miaka ya 1980. Kabla ya hapo kijana Mtanzania aliyetaka umonaki alielekezwa Hanga, monasteri iliyoanzishwa mwaka 1957. Hawa hawana kijiji cha Bavaria cha kuandikia barua. Wanategemea ng'ombe, hosteli, shule za kulipia na umeme wa maji, na wanajua kwamba shule ikipandisha ada ili iishi, watoto ambao misheni iliwajia ndio watakaobaki nje ya geti.

Kwa masista jambo hili ni zito zaidi. Mashirika yao ni ya aina mbili. Yapo ya kipapa, ambayo uongozi wake wa ndani hauko chini ya askofu wa jimbo, kama Wabenediktini wa Tutzing waliofanya kazi sambamba na wamonaki wa Peramiho na Ndanda. Na yapo ya kijimbo, yanayowajibika kwa askofu kwa karibu zaidi. Mengi yalianzishwa kwa ajili ya wasichana wa Kiafrika, kama Masista wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, mwaka 1938. Ndanda ilikuwa na sista daktari, Thekla Stinnesbeck, hata kabla ya mwaka 1936, mwaka ambao Roma ilitoa rasmi mwongozo wa kuwahimiza masista wa nchi za misheni wasomee udaktari na ukunga. Waliopigania ruhusa hiyo walikuwa wameona akina mama wakifa wakati wa kujifungua huku sharti la zamani likiwazuia masista kuingia chumba cha uzazi.

Hata hivyo, wapo masista wengi wanaopika, kufua na kutunza nyumba za mapadre au kufundisha dini kwa posho isiyofikia hata mshahara wa kima cha chini. Machi 2018 jarida la wanawake linalotolewa na gazeti la Vatikani lenyewe liliandika waziwazi juu ya masista wanaofanya kazi bila mkataba na karibu bila malipo. Utii na ufukara ni nadhiri za sista kwa Mungu ndani ya shirika lake. Hazimpi paroko haki ya kupata mtumishi wa bure.

Mkataba, na anayeondoka

Dawa ipo kwenye sheria tayari. Kanuni ya 681 ya Sheria hizo za Kanisa inataka kazi ambayo askofu anawapa watawa iwe na mapatano ya maandishi: kazi gani, watu wangapi, fedha zinakwendaje. Parokia ikikabidhiwa shirika, kanuni ya 520 inataka vivyo hivyo, na muda unaweza kuwa wa kudumu au wenye kikomo. Kanuni ya 682 ndiyo inayowaumiza waumini bila wao kuijua: paroko mtawa huteuliwa na askofu baada ya kupendekezwa na mkuu wa shirika, lakini yeyote kati ya hao wawili anaweza kumwondoa kwa kumjulisha tu mwenzake. Hahitaji ridhaa yake. Kwa hiyo waumini wanapoandamana kwenda kwa askofu kudai padre wao arudishwe, mara nyingine wanamwendea mtu ambaye uamuzi haukuwa wake.

Kuhusu majengo, anayetafuta jibu kwa kutazama nani aliyajenga atapotea. La kutazama ni hati. Kiwanja kinaweza kuwa kwa jina la jimbo na jengo likaendeshwa na masista. Serikali nayo imo. Shule nyingi za misheni zilitaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, seminari zikaachwa. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano juu ya huduma za afya na elimu, na zipo hospitali za Kanisa zilizofanywa Hospitali Teule za Wilaya, ambamo mali ni ya Kanisa, ruzuku na sehemu ya wafanyakazi ni ya serikali, na msimamizi wa wodi ni sista wa shirika la tatu. Mgogoro ukizuka hapo, pande tatu zina haki ya kuzungumza.

Shirika linapokabidhi parokia au zahanati, basi, mara nyingi linatimiza lililokubaliwa: watu wa hapa wamepata mapadre wao, na wamisionari wanakwenda palipo na uhitaji zaidi. Maumivu huja pale makabidhiano yanapokuwa ya funguo peke yake. Hospitali iliyokuwa ikiletewa dawa na marafiki wa bruda fulani huko Uswisi hukabidhiwa kwa jimbo, marafiki wale hawakabidhiwi, na baada ya muda rafu za dawa ni tupu. Askofu mwenye busara huomba vitabu vya hesabu, majina ya wafadhili na miaka ya kufanya kazi pamoja kabla ya sherehe ya makabidhiano.

Kijana anayefikiria kujiunga ana muda wa kutosha kuyapima haya. Baada ya malezi ya awali kuna unovisi wa angalau miezi 12, kisha nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo za daima. Wakati huo aulize wazi: shirika ni la kipapa au la kijimbo, wagonjwa na wazee wanatunzwa wapi, wanachama wana bima ya afya, shirika limewahi kuwasomesha watu wake hadi wapi. Asome pia kanuni ya 702. Inasema anayetoka shirikani hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya humo, ila inaliamuru shirika limtendee kwa haki na upendo wa Kiinjili. Kuna mashirika yanayompa anayeondoka mtaji, vyeti vyake na mahali pa kufikia. Kuna mengine humpa nauli ya basi baada ya miaka 20 ya kufundisha. Maaskofu na wakuu wa mashirika wana mamlaka ya kuweka kiwango kinachoeleweka, kikaandikwa na kusomwa kwa novisi tangu siku ya kwanza.